Ugonjwa Hauko Sakafuni

Nesi alikufa kwa malaria. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na subira na watu wa kuzunguka. Ukikaa mbele ya meza yake ukaanza kumsimulia safari yako, na mvua ilivyokukuta njiani, na shangazi yako aliyekushauri uje, alikukatiza: "Sema panapouma. Shangazi tutamsalimia baadaye." Basi panapouma ni hapo. Mwanamke aliyekizunguka kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, akiingia vyumbani mwa watu kuangalia kama chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro, amekufa kwa malaria, kitandani kwake, ndani ya chandarua.

Kijijini wanasema ni kiharusi. Ni kweli kiharusi ndicho kilichomlaza, kikamnyang'anya mikono, miguu na sauti, lakini kilimwacha hai. Homa ilipogunduliwa, dawa ilianza siku hiyo hiyo. Mwili uliokwisha kuchoka haukungoja dozi iishe. Tumemzika upande wa juu, ambako ziwa linaonekana lote. Alikuwa Mwislamu kati yetu sisi Waanglikana, na kwa kuwa Waislamu wa hapa ni walimu na askari wachache walioletwa na uhamisho kama yeye, sisi wengine tulichimba huku tukielekezwa.

Kijiji chetu kiko kati ya Liuli na Kihagara. Siku hizi naishi Mbinga mjini, kwenye baridi, nafundisha na kuandika makala zinazosomwa na watu wanaoandika makala. Nilipomaliza shahada ya tatu nilishuka ziwani nikitarajia kupokewa kama mtu aliyetoka vitani. Nesi alinikuta nyumbani nimezungukwa na wajomba. Hakunipa hata pole ya safari. Alinisogelea, akaivuta kope yangu ya chini kwa kidole gumba, akachungulia.

"Hongera, Daktari," alisema. "Damu huna. Kula kisamvu, punguza karatasi."

Wajomba walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Tangu siku hiyo aliniita Daktari, na sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo kwa huruma kiasi kile.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Wengine hupeana mikono, yeye alivuta kope. Alivuta za wajawazito, za wavuvi, za mwenyekiti wa kijiji akiwa katikati ya hotuba. Alisema mdomo ni mwongo wa kuzaliwa, lakini kope haijajifunza bado. Na hapo ndipo alipogombana nasi kwa miaka yote, kwa sababu sisi hatutazamani.

Kwetu mkubwa haamkiwi kwa kukodolewa macho. Unapiga goti, au kama umesoma unainama kidogo kama mtu aliyeangusha kitu. Unatazama chini, unasema shikamoo, unasubiri marahaba. Mtoto anayemkazia mkubwa macho huambiwa ana macho makavu, na huyo hata ugali wa nyumbani hupewa kwa mashaka. Nesi, aliyetoka kwao ambako sijui wanaamkianaje, alikuta kijiji kizima kikimweleza magonjwa yake kikiwa kimeinamisha vichwa.

"Naumwa, Nesi."

"Wapi?"

"Huku."

"Huku ni wapi, na wewe unaiambia sakafu? Nitazame. Ugonjwa hauko sakafuni."

Maneno hayo matatu tulikua nayo kama wengine wanavyokua na methali. Watoto walikuwa wakiyaigiza wakicheza hospitali. Mke akimshuku mume aliyechelewa kurudi alimwambia hivyo hivyo: ugonjwa hauko sakafuni, baba. Tuliyasema, tukacheka, na siku ya kliniki tukaenda kumtazama Nesi viatu.

Nisije nikamfanya malaika, maana angenifokea. Aliwafukuza watoto kwenye matete kwa fimbo, akipiga kelele kuhusu konokono na kichocho, na jioni ungemkuta mwenyewe amesimama majini hadi magotini, gauni amelishika mkononi, anatazama upande wa pili wa ziwa kana kwamba kuna mtu aliyeahidi kuja. Ukimwuliza alijibu, "Siogi. Nasimama." Alinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, kisha akachovya vidole kwenye kikopo cha ugoro ambacho wazee wote wa gatini walikuwa wamekwisha kuchovya. Alisema nyimbo za kanisani si zake, na kwaya ilipoimba Ijumaa Kuu alikaa nje chini ya dirisha na kulia kuliko waumini waliolipia sare. Kila uhamisho wa kumwondoa ulipokuja alipata sababu ya kubaki, huku akitulalamikia kwamba tumemfunga kwenye kijiji cha watu wakaidi.

Alikuwa na sindano. Ya kuchomea dawa kila nesi anayo. Ninayosema ni ya kushonea, yenye uzi mweupe, ambayo aliichomeka ndani ya ukosi wa gauni lake la kazi. Akiingia chumbani kwako akakuta chandarua kina tundu, alikaa kitandani bila kuombwa, akashona huku akikusema. Siku moja, nikiwa bado shule ya msingi, alinipa mimi nishone cha nyumbani kwetu. Nilijitahidi. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa mbu atapita na familia yake, na mizigo," alisema. Akafumua yote. "Anza upya."

Nilianza upya mpaka mama akaona huruma, si kwangu, bali kwa uzi.

Kuna wakati aligundua kwamba vyandarua vya mgao vimeshonwa pamoja kuwa wavu wa kuvulia usipa, dagaa wa ziwa letu. Alimfuata mwenye wavu hadi kwenye mtumbwi wake. Nusu ya kijiji ilikuwepo, maana Nesi akiwa na hasira hakuna aliyebaki nyumbani.

"Kwa hiyo usipa nao wanaumwa na mbu?"

"Nesi," alisema yule mvuvi, akitazama miguu yake, "njaa nayo ni ugonjwa."

Tulingoja radi ipige. Nesi aligeuka, akaondoka. Kesho yake alirudi na chandarua kingine, akampa mbele za watu. "Hiki ni cha watoto. Ukivulia na hiki, nakuja kulala kwako mimi mwenyewe, nifunike watoto kwa mikono." Mvuvi alicheka kwa aibu. Chandarua kile hakikuonekana ziwani, na wote tulijua kwamba kilitoka kitandani kwa Nesi. Alilala bila chandarua mpaka mgao mwingine.

Alikuwa amekwisha kustaafu wakati mashine ilipoletwa. Mashine ilikuwa kioo kipana, kama runinga, kikafungwa ukutani kwenye baraza la kituo cha afya na kuunganishwa na umeme wa jua. Mtaalamu wa mradi, bwana mmoja mwenye ndevu za mjini na viatu visivyopenda mchanga, alitueleza kwamba hakuna kugusa. Miaka ile ya barakoa na ndoo za maji milangoni iliwafundisha kwamba mikono mingi kwenye kitu kimoja ni hatari. Kwa hiyo mtu anakaa kwenye benchi, mashine inayatafuta macho yake, na picha atakayoikazia kwa muda inafunguka na kuanza kumweleza. Kulikuwa na picha ya mbu, ya mama anayenyonyesha, ya bomba la maji, na nyingine. "Mnatazama tu," alisema. "Macho yako ndiyo kidole chako."

Nilikuwepo, na niliandika makala kuhusu tukio hilo. Nilitumia neno "mapinduzi". Naomba msomaji asiitafute.

Ili watu waiamini mashine, walimwomba Nesi aazime sura na sauti yake. Alikataa kwanza. "Nimestaafu. Sasa mnataka nistaafu huku naongea?" Lakini siku ya kurekodi alifika amevaa gauni lake jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Akasema maneno yote waliyompa, kisha akaongeza ya kwake. Ikawa ukikaa tu kwenye benchi, sura ya Nesi inatokea juu ya kioo, inasema: "Karibu. Nitazame. Ugonjwa hauko sakafuni."

Na hapo mambo yakaharibika. Mtu gani wa kwetu atatokewa na sura ya Nesi, imevaa sare, imemkaribisha, asiinamishe macho? Kina mama walikaa, wakasikia karibu, wakasema "Shikamoo, Nesi", wakatazama chini. Mashine nayo ilitazama walikotazama. Chini kabisa ya kioo, pale ambapo adabu zetu zote huishia, mtaalamu alikuwa ameweka tezi dume.

"Tezi dume ni kiungo kinachopatikana kwa wanaume pekee," sauti ilianza.

"Haya," alisema mama mmoja muuza usipa. "Nami nimekuja na mguu."

Wajawazito walifundishwa tezi dume. Wasichana wa shule walifundishwa tezi dume. Mzee mmoja ambaye kweli alikuja kwa shida hiyo aliona haya mbele ya wanawake, akajifanya anatazama paa, akafundishwa kunyonyesha. Kule mjini, taarifa za mashine zilikopokelewa, wakubwa walifurahi. Walisema kijiji chetu kina mwamko wa pekee, wakatutumia boksi la mabango ya tezi dume.

Nesi alipoelewa, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasimama kando ya kioo, akaanza kazi upya kama hajastaafu.

"Yule si mimi, ni picha. Picha haiamkiwi."

"Hata picha yako ni mkubwa wangu," alisema muuza usipa. "Nikiikodolea macho, halafu ikakuambia?"

"Haiwezi kuniambia!"

"Inaongea kwa sauti yako, Nesi. Sisi tutajuaje?"

Alibishana nao siku kadhaa. Mwishowe alimpigia simu mtaalamu aje na kamera yake. "Nitoe mimi," alisema. "Weka mbuzi. Hapa hakuna anayemwamkia mbuzi."

"Mama, mradi una taratibu zake."

"Na mbuzi ana zake. Piga picha."

Walimpiga picha beberu wa jirani, mwenye ndevu zinazofanana sana na za mtaalamu, jambo ambalo Nesi alilitaja. Sauti ilibaki ile ile. Basi ukikaa kwenye benchi letu leo, siku yenye jua, anatokea beberu, anakutazama kwa dharau, na kwa sauti ya Nesi anasema: "Karibu. Nitazame. Ugonjwa hauko sakafuni." Watu hucheka, na wakicheka huinua nyuso. Mbu akafunguka, maji yakafunguka, na mzee wetu naye akapata tezi dume yake.

Nimeandika "leo" kwa makusudi. Beberu bado anaongea.

Kiharusi kilimpata Nesi asubuhi, akianika nguo. Hospitali walifanya walichoweza, wakamrudisha nyumbani akiwa na macho tu. Daktari wa hospitali alisema huenda anasikia na kuelewa, huenda haelewi, si rahisi kujua. Binti ambaye Nesi alimlea tangu utotoni, na ambaye ameolewa Mpepai, aliacha kahawa ikiwa nyekundu mitini akateremka kumwuguza. Alimwosha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko. Kuna njia moja tu hakuweza kuipita: ile ya barazani kwenye kituo cha afya. Alizunguka kwa nyuma, kupitia mihogo ya watu. "Nimemwacha ndani kimya," aliniambia, "nasikia anaongea nje. Kaka, miguu inakataa."

Wengine walifanya kinyume. Kuna kina mama waliokuwa wakienda kukaa kwenye benchi bila ugonjwa wowote, wamsikie, waondoke.

Na kila siku walikwenda pia kumwona. Walimwona kwa heshima zote alizostahili. Waliingia chumbani, wakapiga magoti kwenye mkeka, wakainamisha vichwa, wakasema shikamoo. Wakakaa hivyo. Kwaya ilikuja ikamwimbia, nayo ikitazama mkeka. Habari ikaenea kwamba Nesi hatazami tena mambo ya dunia: macho yake yako juu, juu tu, mahali pamoja. Wakasema anaona mbingu. Muuza usipa alilia kwa furaha akisema Mungu hakujali Nesi alikuwa dini gani.

Nilichelewa kushuka. Mitihani, mvua, sababu zote ambazo Nesi angezikatiza. Lakini nilishuka na mpango, maana msomi haendi mikono mitupu. Nilikuwa nimejiuliza: kama mashine inasoma macho, kwa nini isimsomee yeye? Mtaalamu alinijibu kwa simu, kwa upole, kwamba kioo kimefungwa ukutani, ni mali ya mradi, na tena kinajua picha za magonjwa tu, hakijui mtu anataka nini. Basi nikakata boksi la sabuni nikachora mwenyewe. Nilichora kikombe, sahani, shuka, dirisha. Binti aliviangalia akauliza kwa nini nimechora kaburi. Kilikuwa kikombe.

Chumba kilikuwa na giza na joto. Chandarua kilikuwa kimeshushwa mchana kwa ajili ya nzi, upande mmoja umepandishwa ili wageni wamwone. Nilipiga goti. Nikasema, "Shikamoo, Nesi," na nikajikuta natazama mguu wa kitanda. Nina mvi, nina shahada, natazama mguu wa kitanda. Ilinibidi niinue uso kama mtu anayeinua ndoo.

Alikuwa amepungua sana, ila macho yalikuwa yale yale. Yalitazama juu, upande wa ukutani.

Nikamweleza utaratibu. Akitaka kusema ndiyo, atazame juu. Hapana, atazame chini, sakafuni. Nikaweka boksi langu kando.

"Unataka maji?"

Juu.

"Uji?"

Juu.

"Tufungue dirisha?"

Juu.

Binti alishika mdomo. "Kumbe anajibu!"

Nami nilianza kufurahi, kisha nikasita. Nikajaribu tena. "Nesi, mimi ni mchoraji hodari?"

Juu.

Hapo nikajua kuna jambo. Katika maisha yangu yote Nesi hakuwahi kukubaliana na mtu mfululizo namna ile, na kuhusu mimi kuwa hodari wa kitu chochote hakuwahi kukubali kabisa. Hakuwa akinijibu. Alikuwa akitazama kitu, na alikuwa akikitazama tangu siku walipoanza kusema anaona mbingu.

Nilivua viatu, nikaomba radhi, nikaweka kichwa changu kando ya kichwa chake kwenye mto, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kukiweka. Kutoka hapo nikafuata alikotazama. Kwenye kona ya juu ya chandarua, upande wa ukuta, ambapo ukiwa umesimama huoni na ukiwa umepiga goti huoni, panya walikuwa wamekula. Tundu lilikuwa la ukubwa wa ngumi. Ndani ya chandarua, kwenye kitambaa cheupe juu yetu, mbu walikuwa wamepumzika, wamenenepa, wengine wakiwa wekundu.

"Ni hili?" niliuliza.

Macho yakashuka kutoka kwenye ile kona. Yakanitazama. Sijatazamwa vile tangu siku ya kope.

Binti alipanda juu ya stuli, akaona, akateremka, akakaa sakafuni na kujifunika uso kwa kanga. "Mimi namchomekea kila jioni," alisema. "Kila jioni, kaka. Namchomekea vizuri."

"Najua."

"Alikuwa ananiambia."

Mkono wangu ulikuwa umegusa paji la Nesi, na ulikuwa moto. Binti alisema ni joto la chumba, kisha akajisikia alivyosema, akainuka akakimbilia kituo cha afya kuwaita waje na kipimo. Safari hii alipita njia fupi, ya barazani.

Nilibaki naye. Gauni jeupe lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango. Nilipapasa ukosi, na sindano ilikuwepo, na uzi wake. Nikaua mbu niliowafikia, nikapanda stuli, nikaanza kushona. Kwa mbali, kupitia dirishani, jua likiwa bado kali, nilisikia mtu amekaa kwenye benchi, na sauti ya Nesi ikimkaribisha.

Nilishona kwa uangalifu wote niliowahi kuuweka katika kitu. Nilipokata uzi kwa meno niliteremka, nikamwonyesha ile kona, nikarudi kupiga goti, uso juu.

"Nesi," nilisema, "nimeshona vizuri?"

Alitazama mshono kwa muda mrefu. Kisha taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akatazama sakafuni.

Nikafumua. Nikaanza upya.